Mama Yangu Kwenye Nguzo za Stima

Watu wengine wakikutana na wewe wanakupa mkono, basi. Mama yangu anakupa mkono wa kulia, na kabla hujamaliza kusema "mzima", kidole gumba cha kushoto kimeshatua chini ya jicho lako, kimevuta ngozi, naye anachungulia ndani kama mtu aliyeangusha sarafu mtaroni. Anatafuta damu. Jicho likiwa jekundu kwa ndani anakuachilia na mnaendelea na habari za watoto. Likiwa jeupe, ole wako. Utaketishwa, utaulizwa unakula nini, dawa ya minyoo ulimeza lini, na utaondoka na amri za mwezi mzima.

Hachagui mtu. Nimemwona akimfanyia pasta mlangoni mwa kanisa, Biblia ikiwa bado kwapani. Alimfanyia jamaa aliyekuja na spana kutukatia maji, na yule jamaa akatoka kwetu ameahidi kula maini, maji akasahau kuyakata. Siku ya wazazi alimfanyia mwalimu wangu wa hesabu. Hilo sitalisimulia, bado niko kidato cha tatu na mwalimu bado ana kiboko.

Mama ni muuguzi. Katikati ya wiki yuko na akina mama waja wazito kwenye hospitali moja ya misheni, na Jumamosi, siku ambayo wauguzi wenye akili hulala, alikuwa akitoa benchi nje ya mlango wetu hapa Umoja na kufungua duka lisilouza kitu. Wanawake walianza kufika kabla chai haijachemka. Walitoka mitaa ya karibu, wengine walitoka mpaka Majengo, mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Hakuwatoza chochote. Aliwasikiliza sebuleni, pazia limefungwa, na kilichosemwa nyuma ya pazia kilibaki huko. Najua kwa sababu nilijaribu sana kusikiliza. Redio ya jirani iliniharibia kazi.

Benchi ndilo lilikuwa langu. Langu na la rafiki yangu, binti wa mama mboga wa pale kona. Tulizaliwa mwezi mmoja, kwa hiyo tuliitana pacha, ingawa mimi ni mrefu kama mlingoti wa bendera na yeye ni mfupi, mwenye mwanya. Jumamosi mamake alipita kuongea na mama nyuma ya pazia, naye alimruhusu aweke kisu chini kidogo, aache kukata sukuma wiki, aje tuendeshe kliniki yetu mwisho wa benchi. Daktari nilikuwa mimi. Nilimvuta jicho na kutangaza, "Mama, damu iko sawa, lakini akili imepungua. Kula ndizi." Wanawake walicheka mpaka watoto wakaamka. Pacha alicheka kwa namna yake, bila sauti, ameshika mbavu, machozi yanamtoka. Watu hudhani mchekeshaji anahitaji umati. Uongo. Anahitaji mtu mmoja anayeanza kucheka kabla hajafika mwisho.

Halafu mwaka jana ukawa mwaka wa kura.

Walikuja Jumapili baada ya kanisa, wazee wa mtaa pamoja na wanawake wa kamati ya mitaro. Mama ndiye aliyekuwa akiwapanga watu kuzibua mitaro kabla ya mvua, na ndiye aliyeenda kukaa kwenye ofisi za watu mpaka mfereji wetu ukarudishiwa maji. Walikula chapati zote, hata ile niliyoficha nyuma ya sufuria. Kisha mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi, akafuta mdomo.

"Sista," akasema, maana muuguzi kwetu ni sista hata awe na watoto kumi, "tumechoka kusaidiwa Jumamosi peke yake. Tunataka usimame udiwani."

"Mimi? Kazi yangu ni kutazama watu macho."

"Basi kawatazame wakubwa wa jiji," nikapaza sauti kutoka jikoni. "Hao hawakosi damu. Wamekunywa yetu yote."

Wote wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa akitazama mikono yake, na nilijua hapo hapo kwamba amekubali, kwa sababu hajawahi kukataa mtu aliyekuja na shida mlangoni. Baba, ambaye anafanya kazi Eldoret na hutuona mwisho wa mwezi, alipokuja alivua viatu na kuuliza, "Mheshimiwa, kuna chai, au nipitie kwa karani wako?" Alikunywa chai, akalala, akarudi Eldoret.

Mama akachukua likizo bila mshahara. Benchi likaingizwa ndani, likakaliwa na vijana nisiowajua waliopikia gundi ya kubandikia posta, zile picha za kampeni, kwenye sufuria yetu ya ugali na kuniita "mtoi wa mheshimiwa". Kitanda changu wakapewa shangazi waliotoka Kakamega kuja kusaidia. Walisaidia kula. Wanawake wa Jumamosi wakakoma kuja, kwa sababu ukionekana ukiingia kwa mgombea, mtaa mzima unajua umeenda kupewa kitu, na ukitoka mikono mitupu mtaa unasema umekificha. Waliokuja walikuja kwa hicho kitu.

Nyumba haijawahi kujaa hivyo, na sijawahi kuwa peke yangu hivyo. Nilikula nimesimama jikoni. Mama alitoka nikiwa nimelala na kurudi nikiwa nimelala, na mara nyingi nilimwona kwenye nguzo za stima kuliko mezani. Alikuwa kwenye kila nguzo kutoka kwetu mpaka barabara kuu, amejipaka poda, anatabasamu tabasamu la studio ambalo si lake. Nikitumwa dukani nilisimama chini yake.

"Mathe, leo tunakula nini?"

Pacha, pembeni, alimjibia kwa sauti ile ile ya mama ya kutoa amri: "Kuleni ahadi. Kutwa mara tatu."

Siku hizo kama si pacha, ningeongea na nguzo tu.

Mkutano mkubwa wa kampeni ulikuwa kwenye uwanja ulio nyuma ya maduka. Mvua ile ya El Nino ilikuwa imepumzika mchana mmoja, matope yamefika kwenye vifundo, na lori lililoegeshwa katikati ndilo lilikuwa jukwaa. Mama mboga alikuwa amefunga kibanda chake siku nzima na kuja na wateja wake wote, yeye ndiye mbele, ameketi juu ya kreti ya soda, anapiga vigelegele hata mahali ambapo mama alikuwa anakohoa tu. Mimi na pacha tulisimama karibu na gurudumu, tunagawana hindi la kuchoma.

Mama aliongea vizuri. Alisema habari za mitaro, za maji, za zahanati ambayo mtu angefika kwa miguu. Alipomaliza, mama mboga akapandishwa lori na kiondo cha mboga, zawadi, kama ilivyo desturi. Watu wakashangilia. Mkono wa kulia wa mama ulishika kipaza sauti. Wa kushoto haukuwa na kazi.

Niliona kidole kikienda. Nadhani mimi na pacha tu ndio tuliojua kinaenda wapi.

"Mama," spika zikasema, kubwa, mpaka kwenye ukuta wa maduka na kurudi, "mbona damu imeisha hivi? Na umekonda. Tangu lini? Usiku unatokwa na jasho?"

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Ugonjwa ule hauna jina mtaani kwetu. Watu husema "kale kaugonjwa" na kutazama pembeni. Hauna jina, una maswali tu, na mama yangu alikuwa ameyauliza yote kwa kipaza sauti, kwa upendo, kama angeyauliza nyuma ya pazia.

Kisha nyuma kabisa kijana mmoja akapiga kelele, "Mheshimiwa ashapima! Nani anafuata?" Watu wakacheka, na wakicheka hivyo hivyo wakarudi nyuma hatua, kila mmoja akiogopa kuwa anayefuata. Mama alisikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye ukuta. Niliona uso wake ukielewa. Akashusha kipaza sauti, lakini maneno hayashuki. Mama mboga aliteremka kutoka lorini akishikilia chuma, bado na tabasamu alilopanda nalo, kana kwamba amelisahau usoni.

Pacha aliacha kutafuna. Nilikuwa na kichekesho tayari, kilikuwa kimefika kwenye meno. Nilikimeza. Akanirudishia hindi, akamfuata mamake, wakaondoka wawili, na umati uliwapisha njia pana kuliko walivyohitaji.

Kesho yake jioni, saa ya watu kutoka kazini, nilipita kona. Kwa kawaida hapo huwezi kupita. Wanawake hupigania sukuma, "nikatie nyembamba, ongeza nyanya moja, wewe mama una mkono mgumu." Siku hiyo rundo lilikuwa zima. Wateja walizunguka nyuma ya kanisa wakanunue kwa mwingine ambaye nyanya zake ni kama goroli. Mama mboga alikaa ameinamisha kichwa na pacha alikuwa akikata, anakata tu, sukuma ambayo haikuwa na mwenyewe. Nilinunua mafungu nisiyotumwa. Pacha hakuniongeza hata jani.

Siku zilizofuata ilikuwa vile vile. Kibanda hicho ndicho kilichowalisha na kumlipia pacha shule, hapakuwa na kingine. Nikamngoja mama mpaka nikampata akiosha miguu.

"Ana nini yule mama?"

"Damu tu," mama akasema. "Nimempima. Vidonge vya chuma na mboga za majani. Mboga zile zile anazouza. Miezi michache."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia kitu cha nyuma ya pazia, na badala ya kufurahi niliogopa. Alikuwa amechoka kiasi hicho.

Mwenyekiti wa akina mama alikuwa sebuleni, akasikia. "Basi si rahisi!" akasema. "Kesho panda lori utangaze. Sema huyu mama ni mzima, nimempima mimi mwenyewe. Watu watarudi kununua na kura zitarudi."

Mama alikausha mguu mmoja. "Nikitangaza huyu ni mzima, kesho kutwa watauliza mbona yule sijamtangaza. Na yule mwingine. Wote waliokaa kwenye benchi langu. Nitawatangaza mpaka nani?"

"Basi utaanguka, Sista."

"Kura ni zangu, nikitaka nitaanguka nazo. Ile meza ya mboga si yangu kuiangusha."

Mwenyekiti aliniangalia mimi, kana kwamba kwenye nyumba hii mwenye akili sasa ni mimi. Hali ilikuwa mbaya kweli.

Siku ya mkutano wa mwisho, watu wakiwa uwanjani, lori likiwa tayari na kijana wa muziki akipiga "moja mbili, moja mbili" kwenye spika, mama alipita uwanja kama hauoni akaenda moja kwa moja pale kona. Mimi nyuma yake. Alikuwa na suti ya kampeni na gambuti. Akafika mezani, akachukua kisu cha ziada, akaanza kukata sukuma.

Wapita njia walisimama. Upande wa pili wa barabara, watu walikusanyika kutazama. Hakuna aliyekuja kununua. Mama anakata vibaya, ni mtu wa sindano, majani yalikuwa kama ya kulisha sungura.

Mama mboga aliongea bila kuinua kichwa. "Mheshimiwa, nenda mkutano wako."

"Mimi si mheshimiwa, mama. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Umeniomba. Nimekusamehe. Sasa nenda."

"Wacha wanione hapa. Wakiniona ninakula mboga zako…"

"Sista." Hapo akainua macho. "Wewe ukisimama hapa ni kama umenimulika na tochi. Walikuwa wameanza kusahau, angalau yule wa mandazi alinisalimia asubuhi. Angalia sasa wamejaa pale. Ukikaa hapa kama sista, wanasema sista amekuja kunitibu. Ukikaa kama mgombea, wanasema umekuja kununua mdomo wangu. Wote wawili, tafadhali, nendeni."

Mama aliweka kisu chini taratibu, kama kitu cha kuazima. Alitaka kumpa mkono, akajizuia, akasimama hivyo, mkono uko hewani, hajui pa kuupeleka.

Mimi nilikuwa upande wa pacha. Sikujua la kufanya, na nisipojua la kufanya najua moja tu. Nikamnong'oneza, "Ona vile mathe anakata. Hiyo sukuma iko na ujauzito?"

Hakucheka. Hata hakuniangalia.

"Wewe unaweza kunyamaza kidogo tu?"

"Pacha…"

"Tunahama. Mathe amepata chumba Pipeline, zile gorofa mpya. Huko hakuna mtu anatujua." Akafuta kisu kwa aproni. "Shule nitaona mbele."

"Nitakuwa nikikuja."

"Enda na mamako. Anakungoja."

Hakunitukana. Angenitukana, ningejua la kumjibu.

Walihama na mkokoteni, mvua imerudi, godoro limefunikwa na nailoni ya posta. Posta ya nani sikuweza kuona, natumaini haikuwa yetu. Vijana wa kampeni walikuwa mtaa mwingine na mama pamoja nao. Nilibeba beseni mpaka kwenye lami. Pacha alilipokea, akasema asante, kama unavyomwambia kondakta.

Siku ya kura mama mboga alirudi, kwa sababu jina lake lilikuwa bado kwenye daftari la kwetu. Alisimama kwenye foleni ya matope, mwavuli mweusi, na mbele yake na nyuma yake watu waliacha nafasi ya mtu mzima. Mama alikuwa langoni. Mgombea haruhusiwi kuzungumza na foleni. Basi walitazamana tu juu ya matope, wawili waliokuwa wakiongea kila Jumamosi nyuma ya pazia, mpaka foleni ikasogea. Akapiga kura yake, akakunja mwavuli, akaenda. Pacha hakuja naye. Nilikuwa nimepanga kichekesho cha kuanzia, kizuri, nilikifanyia mazoezi tangu kuamka.

Tulishindwa. Udiwani ulikwenda kwa mwenye duka la jumla ambaye sijawahi kumwona akizibua hata pua, na spika zake zilizunguka mitaa siku mbili zikitushukuru. Shangazi wakarudi Kakamega na kitanda changu kikarudi, kimebonyea katikati. Mama alirudi hospitali. Jumamosi iliyofuata alitoa benchi nje mwenyewe, bila kuniita.

Wanawake wakarudi, mmoja mmoja, maana mtu aliyeshindwa haogopeshi. Waliketi wakichungulia barabara. Nilijaribu kliniki yangu mwisho wa benchi, nikiwa daktari na mgonjwa mwenyewe. Walicheka kwa heshima, kama watu wanaopokea chai wasiyoitaka. Nikaingia ndani.

Kabla ya shule kufunguliwa mama aliniita jikoni. Alikuwa amefunga kitu kwenye kipande cha gazeti. "Vidonge vya chuma vya mama mboga," akasema. "Mimi siwezi kwenda. Wewe nenda, ukae naye kidogo. Mwambie avimeze na machungwa, si na chai."

Nilitembea mpaka Pipeline. Ni gorofa juu ya gorofa, nguo zinaning'inia mpaka hujui jua liko wapi, na chini kila ngazi ina biashara yake. Niliuliza mama mboga mgeni ni yupi na nikaonyeshwa wengi. Nikaipata meza yao chini ya ngazi ya jengo lenye rangi ya waridi. Mamake hakuwepo. Alikuwa pacha peke yake, na mbele yake foleni, foleni ya kweli, wanawake wanabishana, "nikatie nyembamba." Alikuwa anacheka na mmoja wao. Kicheko kile chake, bila sauti, ameshika mbavu.

Nikasimama pembeni nikingoja amalize. Ndipo akaniona.

Kicheko kikakauka. Macho yake yalitoka kwangu yakaenda kwa wale wanawake, yakarudi kwangu. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kama mtu anayebeba trei ya mayai na ameona mtoto anakuja mbio.

"Huyu ni nani, mrembo?" mwanamke mmoja akamuuliza. "Mbona anakuangalia hivyo? Mnajuana? Ni wa kule mlikotoka?"

Pacha alianza kukata upya sukuma aliyokwisha kuikata.

Mimi nina majibu ya kila kitu, muulize mwalimu yeyote. Nilisogea mezani, nikaweka lile gazeti juu kama mtu aliyechoka kulibeba.

"Samahani, siz," nikasema. "Nimepotea. Stage ya matatu za kwenda tao iko upande gani?"

Alisukuma rundo la sukuma juu ya gazeti, likafunikwa lote.

"Shuka na hii njia mpaka mwisho," akasema, akanionyesha kwa kisu. "Halafu uulize tena huko mbele."

"Poa. Asante."

"Sawa," akasema, akamgeukia mwanamke. "Nyembamba, eh?"

Nikashuka na njia aliyonionyesha mpaka mwisho, ingawa kwetu ni upande wa pili.